Buibui Aliyeniua Ziwani

Niliuawa na buibui Jumamosi moja alasiri, nyumbani kwetu mtaa wa Ziwani, nikiwa na andazi mkononi. Nilikuwa msichana wa sekondari, na hasira zangu zilikuwa karibu kama pua.

Mchezo wenyewe ulitufikia ndani ya boksi lililochanika pembe. Shangazi yangu alikuwa akifanya kazi kwa wageni waliokuwa wakirudi kwao, wakamwachia vitu ambavyo hawakutaka kuvibeba. Sufuria alibaki nazo, boksi akampa kaka yangu mkubwa. Ndani mlikuwa na dadu za pande nyingi na kitabu cha sheria. Kila mchezaji alijibunia mtu wake na kumpa silaha. Kaka, mwenye kitabu, alitusimulia mapango na mazimwi, nasi tukamwambia watu wetu watafanya nini. Dadu ndizo zilizoamua kama tumefaulu.

Kitabu hicho hakikuwa na huruma hata kidogo. Pointi zako za uhai zikifika sifuri, umekufa. Hakuna kuzirai, hakuna kukimbizwa hospitali. Sumu ilikuwa mbaya zaidi: unarusha dadu mara moja tu, na ukikosa, kwaheri, hata kama una uhai wa kuwagawia majirani. Aliyekufa alianza upya na mtu mwingine wa ngazi ya kwanza, mnyonge wa kuuawa na panya. Juu ya hayo kaka aliongeza sheria yake, kwamba marehemu hasemi mpaka mchezo wa siku hiyo uishe. Nadhani aliitunga kwa ajili yangu, maana mdomo wangu ulijulikana hadi soko la Muthurwa.

Basi Jumamosi hiyo, ndani ya shimo tulimokuta dhahabu, buibui mwenye sumu akaniuma, nikarusha dadu, nikakosa. Mtu wangu alikuwa mwanamke wa mkuki, wa ngazi ya nne, niliyemlea kwa miezi mingi. Nilimpenda vibaya sana. Lakini kilichoniuma hakikuwa kifo chake tu. Pale mezani msichana nilikuwa mimi peke yangu, na niliamini kwamba nilivumiliwa kwa sababu mkuki wangu uliwafaa. Nikianza upya na mnyonge, nani angekuwa na subira nami? Wangenituma chai, kisha wangenituma tena, na polepole ningekuwa nimetolewa mchezoni kwa adabu.

Wachezaji wenzangu walikuwa wawili, wote majirani. Mmoja alimsaidia mama yake kuuza mitumba Gikomba, na alikuwa na macho ya biashara.

"Siste ameshadedi," alisema. "Tuchukue mkuki na ile dhahabu, tuhepe."

Nilijaza andazi mdomoni nisije nikamtukana.

Wa pili, kibarua wa kiwanda cha sabuni ambaye kwao ni magharibi, alimkazia macho. "Wewe! Sisi hatuachangi mtu kwa shimo la wenyewe. Mwili unarudi nyumbani."

"Nyumbani wapi? Huyu ametoka kwa kitabu!"

"Hata kama. Ana kwao."

Kaka alipekua kitabu mbele na nyuma. Kilikuwa na sheria za kupigana, kupanda kuta na kuvunja kufuli, lakini kuhusu matanga hakikuwa na hata mstari mmoja. Alichokipata ni sheria ya mizigo, inayopima uzito ambao mtu anaweza kubeba. Akapiga hesabu, akainua kichwa. Kama watanibeba pamoja na deraya yangu, lile vazi la chuma la vitani, dhahabu yote itabaki shimoni, dhahabu tuliyoitafuta tangu mvua za masika. Wa Gikomba akashika kichwa. Wa sabuni akapiga meza. "Lazima tumzike!"

Mama akatokea jikoni mbio, leso begani. "Nani amefariki?"

"Ni huyu, mama," kaka alijibu. "Ameumwa na buibui."

Mama akanitazama. "Na mbona anatafuna?"

Alipoelezwa alicheka mpaka akafuta machozi kwa leso. Kisha akavuta stuli, akaketi, akauliza kama anavyouliza mtu aliyefika matangani, "Haya. Alikuwa mtu wa namna gani, huyo mwenzenu?"

Swali alimwelekezea wa Gikomba, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Yeye akakuna shingo.

"Alikuwa wa mbele, mama. Kila mlango tukifungua, yeye ndiye anaingia kwanza. Sisi tunafuata." Akaacha kukuna shingo, kama aliyejisikia mwenyewe akisema. Halafu akamgeukia kaka. "Mwaga dhahabu. Tunambeba."

Wakanibeba. Njiani walishambuliwa na wakapigana huku mkono mmoja umeshika machela, jambo ambalo kaka aliliadhibu vikali kwa kuwapunguzia alama za dadu, na bado hawakuniangusha. Walinizika kwenye kilima nje ya mji. Mama alikataa kuomba, akasema Mungu hachezewi, lakini hakuondoka mpaka kaburi lilipofunikwa. Mimi nilikuwa nikilia waziwazi, na andazi lilikuwa limekwisha, hivyo sikuwa na kisingizio.

"Aliacha mtoto?" wa sabuni akauliza.

Kaka akasema kitabu kinaruhusu mrithi, ila mali hukatwa kodi kwanza. Kumbe hata huko! Kuhusu jina hakukuwa na ubishi, maana kwetu na kwa wenzangu mtoto huitwa jina la aliyetangulia. Nikapewa dadu nirushe uhai wa binti wa marehemu. Nikapata moja. Pointi moja! Mbu angemmaliza. Niliitazama ile dadu, nikangoja mtu aniambie nikaweke chai.

Tulikuwa tukionyesha msafara kwa maharagwe mezani, kila mtu na haragwe lake. Wa Gikomba akachukua haragwe langu kutoka mbele, nilikozoea kuliweka, akalitia kati ya lake na la mwenzake, akayabana yote matatu kwa vidole.

"Haya, mtoto," akaniambia. "Unataka twende wapi?"