Sharubati Iliyomwagwa Arusini

Siku moja hunijia mbele ya macho, mwanangu, kila nimwonapo kijana anayefungua duka la juisi huku akili yake yote iko kwenye bango la mlangoni. Nawe umekuja kuniambia wataka kufungua tawi letu la Mokowe. Haya, kaa kwanza. Hiyo simu iweke chini, haikimbii.

Nilikuwa msichana, sijaolewa bado, nikimsaidia kazi shangazi yangu, Bi Rukia. Maduka haya ya Amu na Shela unayojivunia leo hayakuwako. Shangazi akiuza sharubati ya mabungo mlangoni mwetu, kwenye meza yenye mguu mmoja mbovu. Mabungo yakija kwa magunia kutoka bara, tukiyapasua, tukiyaloweka, tukiyasugua kwenye chujio mpaka mikono inanata. Alichokitamani ni duka lenye mlango wake, basi. Na Bi Maryamu, mwenye nyumba kubwa kule Shela, alikuwa amemwahidi: "Ninyweshee wageni siku ya arusi ya binti yangu, kisha chumba cha mbele ni chako."

Tukaamka alfajiri, tukafanya kazi, madumu yakajaa, tukayapeleka kwa Bi Maryamu. Karamu ilikuwa iwe baada ya adhuhuri. Lakini bwana arusi na watu wake walikuwa wakitoka Faza, na mashua zao zikapwelewa pale Mkanda. Maji yametoka, hawawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma. Adhuhuri ikapita, alasiri ikaingia, barafu yetu yote ikayeyuka. Na jua la Shela unalijua mwenyewe.

Nilipofungua dumu la kwanza likatoa pumzi, fuuu! Povu likapanda mpaka mdomoni, na harufu ikanipiga puani. Sharubati imechacha.

"Shangazi," nikamnong'oneza, "tutie sukari na barafu nyingine. Nani atajua?"

Alinitazama, mwanangu, mpaka nikatamani ardhi inimeze. "Watu wanaokunywa kwangu hawaulizi," akasema. "Wananyosha mkono tu. Wewe waniona mimi ni mtu wa kuwatia kileo mkononi?"

Wakati ule ule alikuwa akipita uani meneja wa hoteli moja ya Manda, naye mwalikwa, akitafuta pa kunawa. Alisikia yote. "Usimwage, Bi Rukia," akasema. "Niuzie mimi. Wageni wangu hupenda kinywaji cha namna hii, kwao hukitengeneza kwa matufaha. Ukinitengenezea ikachacha vizuri, nitachukua kila wiki."

Wallahi moyo wangu uliruka kwa furaha. Riziki imetufuata jikoni! Lakini shangazi akamjibu kwa adabu, "Ahsante, bwana. Ila nikikutengenezea wewe ya kuchacha, na hawa wateja wangu ya leo leo, madumu ni haya haya na mikono ni hii hii. Siku moja nitakosea, na atakayekunywa ni mtoto wa mtu." Akainama, akalipindua lile dumu mchangani. Kisha la pili, mpaka yakaisha yote. Nililia, sikufichi. Nililia kwa hasira, nikiona duka letu linanywewa na mchanga.

Alipomaliza akajifunga leso kiunoni, akamwendea Bi Maryamu mbele ya wanawake wote, akamweleza kilichotokea bila kuzunguka. Lo! Bi Maryamu aliwaka moto.

"Wageni wangu wanywe nini, Rukia? Waniaibisha leo!"

"Watakunywa mai na ndimu, dada yangu, nami nitakamua mwenyewe."

Tukakamua ndimu kwenye maji mpaka vidole vikawasha. Majirani wakaja na ndimu kwenye pindo za leso, wakatucheka kwanza, kisha wakakaa wakatusaidia. Mashua zilipofika wageni walikunywa, wakashukuru. Lakini chumba tulikikosa. Kwa miezi, Bi Maryamu alitupita ndiani bila salamu, na mimi nilikuwa nikimlaumu shangazi kimoyomoyo kila niliposhika ile meza mbovu.

Mpaka asubuhi moja Bi Maryamu akabisha hodi kwetu, yeye mwenyewe, jagi mkononi. Binti yake alikuwa na mimba changa, hakuna kilichokaa tumboni. "Anataka kitu baridi chenye ukali kidogo," akasema. "Nami siwezi kumpa mwanangu kitu nisichojua kimetengenezwaje. Nipe ya kwako, Rukia." Binti akanywa, ikakaa. Siku ya kurudi kwa jagi la pili, Bi Maryamu alikuja na ufunguo wa chumba cha mbele.

Basi nasaha yangu ni hii. Fungua Mokowe, na ukiweza fungua na Faza, nitakuombea kote. Siku hizi una friji, una stima, una wateja wanaokuagiza kwa simu. Lakini ya jana usimuuzie mtu leo. Ikiharibika, sema wewe kabla mteja hajasema, na usione haya kusema mbele ya watu. Utapata hasara, tena itauma. Ivumilie, maana mama mwenye mgonjwa nyumbani atakukumbuka.

Mwenyezi Mungu akufungulie milango ya halali, aibariki mikono yako, na akupe watu wa kukuamini hata siku ambayo huna cha kuwauzia. Amin. Haya, nenda sasa. Na ile chupa ya kwanza ya Mokowe niletee mimi. Nitainusa kabla sijakwambia ahsante.