Barua ya Kusema Umeme Hauji

Saa mbili na nusu asubuhi, Nzembi Maweu anapanda ngazi ya mbao akiwa na kitambaa kibichi, anaanza kufuta vumbi kwenye paneli mbili za sola zilizo juu ya paa la kibanda chake. Chini, kwenye sakafu ya saruji, betri kumi na moja za gari zinangoja zamu. Kila moja ina jina la mwenyewe kwa chaki.

"Vumbi likikaa, jua linapotea bure," anasema akishuka. "Na mimi jua ndilo duka langu."

Mzee Mbwana Dzombo anaingia akikokota baiskeli.

"Hodi, Mama Kisilu."

"Karibu. Shikamoo, mzee," Nzembi anaitikia.

"Marahaba. Yangu imejaa?"

"Bado. Njoo kesho baada ya adhuhuri."

"Na leo kuna mpira redioni!"

"Nikikupa hivi ilivyo, itakufia kabla ya mapumziko."

Mzee anacheka, anageuza baiskeli.

Hapa ni Kidzumbani, kijiji kilicho ndani kidogo kutoka barabara ya Lunga Lunga, wilayani Kwale. Nzembi, mwenye umri wa miaka arobaini na minne, huchaji betri ambazo majirani huendeshea redio, taa na televisheni ndogo. Hutoza shilingi arobaini kwa betri moja. Kwa siku njema hujaza mbili. Mawingu yakitanda, hata moja ni shida.

Wazazi wake walitoka Ukambani wakapewa shamba Shimba Hills, naye akaolewa huku. Wakati huo betri zilifungwa kwenye baiskeli hadi Kona ya Musa, Ukunda, safari ya kutwa nzima, na asidi ikimwagika inatoboa suruali. Mwaka 1994 aliuza ng'ombe wawili pamoja na korosho zake za msimu mzima, akanunua paneli nne.

"Watu walisema nimerogwa," anakumbuka. "Mwezi wa pili wakawa wanapanga foleni."

Paneli hizo nne sasa ni mbili, na hakuna mwizi aliyezigusa.

Mwaka 1997, mwaka wa uchaguzi, lori lilileta nguzo za umeme. Vijana wakachimba mashimo toka barabarani hadi shuleni, wakazisimamisha. Mgeni mmoja akatangaza jukwaani kwamba kabla korosho hazijavunwa, kila nyumba ya Kidzumbani itakuwa inang'aa.

Wiki ile ile Mzee Mbwana, aliyekuwa amempa Nzembi pesa za kumwagizia paneli yake mwenyewe, alikuja kuzidai.

"Nguzo ilisimama karibu na choo changu, naiona kwa macho yangu," anajitetea mzee huyo. "Nikaita fundi, akaniwekea soketi nne ukutani. Hadi leo zinafuga buibui."

Wengine tisa walioagiza paneli walimfuata, na wenye betri wakaacha kuja. Kisha zikaja mvua kubwa za mwisho wa mwaka ule, jua likajificha kwa wiki nyingi. Februari 1998, Nzembi alimuuzia mfanyabiashara wa Lunga Lunga paneli mbili kwa nusu ya bei.

"Niliona paneli zitabaki kuwa meza za kuanikia muhogo," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii hatabasamu. "Sikuuza kwa sababu ya hasara. Niliuza kwa sababu ya hofu."

Waya hazikuja. Nguzo mbili zimekwisha kuliwa na mchwa. Taratibu wateja walirudi na betri zao, lakini paneli za kuwatosha hazikuwapo tena. Siku hizi huwarudisha watu nyumbani, jambo ambalo anasema linamuuma zaidi ya siku zile alipokuwa hana mteja.

Aliomba mkopo kwenye chama cha akiba cha wakulima anakoweka pesa zake. Kamati ilimpa soda na swali moja: umeme ukifika, nani atakuja kwako?

Hakuwa peke yake. Muuguzi Fauzia Menza, anayezalisha akina mama kwenye zahanati ya kijiji kwa mwanga wa kandili, alikuwa ameomba sola kwa shirika moja la wafadhili. Akajibiwa kuwa Kidzumbani kimo kwenye orodha ya vijiji vitakavyopata umeme, kwa hiyo hakistahili.

"Nikamwuliza yule bwana, basi tufanyeje?" anasimulia Fauzia. "Akaniambia nchi kubwa zimekubaliana huko Japani kupunguza moshi unaoharibu hali ya hewa, huenda zikaleta pesa za sola. Lakini mkataba wenyewe haujaanza kutumika, kwa hiyo tusubiri. Nikamwambia, bwana, uchungu wa uzazi hausubiri mkataba."

Ndipo Nzembi alipopata wazo la kuijibu kamati, wazo ambalo hata mumewe alilicheka. Alivaa nguo za kanisani, akaenda Kwale mjini, kwenye ofisi ya umeme aliyoelekezwa.

"Nimekuja kuomba barua," alimwambia karani.

"Ya kuomba umeme? Jaza fomu hii."

"La. Barua ya kusema umeme hauji Kidzumbani."

Karani aliweka kalamu chini. "Mama, hakuna mtu anayeandika barua ya namna hiyo."

"Basi niandikieni unakuja lini."

"Hiyo pia siwezi."

"Nikuambie kweli, mwanangu. Umeme ukija nitafurahi. Usipokuja nitafanya kazi. Kinachonimaliza ni kutojua."

Alirudi mara mbili zaidi. Mara ya tatu, karani alimsindikiza hadi mlangoni, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba laiti angejua, angemwambia.

"Pale nikaelewa," anasema Nzembi. "Yeye pia alikuwa gizani kama mimi. Nikaona, kama serikali haiwezi kuniahidi, labda majirani wanaweza."

Aprili mwaka huu, akisaidiwa na Fauzia, aliwaita watu kwenye baraza ya zahanati. Aliwaomba neno moja: kila nyumba iahidi kuchaji kwake kwa miaka miwili, umeme uje usije, naye asipandishe bei. Mmoja akauliza, je, waya zikija mwezi ujao?

Mzee Mbwana alisimama. "Mimi ndiye niliyedai pesa zangu kwanza, wenzangu mkanifuata," alisema. "Basi leo nifuateni tena." Akachukua kalamu, akaandika jina lake kwa herufi za Kiarabu juu kabisa ya karatasi.

Nyumba ishirini na sita zilitia sahihi, na zahanati ikawa ya ishirini na saba. Kamati ya chama ilizungusha karatasi ile mezani kwa muda mrefu. Mkopo ukapita, ingawa kwa kura moja tu.

Jumanne ijayo Nzembi anakwenda Mombasa kununua paneli tatu. Moja itapanda paa la zahanati, na Fauzia ataikodi kwa malipo ya kila mwezi. Wapo wanaomshauri angoje bajeti ya Juni, maana huenda ushuru wa sola ukapunguzwa. Wengine wanamwambia akimbie kabla haujapandishwa. Amewasikiliza wote.

"Nimengoja vya kutosha," anasema.

Kitu kimoja tu amebadilisha. Zile paneli za kwanza fundi alizishikiza kwa saruji, na kuzing'oa kulipasua paa. Safari hii amechongesha vyuma vya kufunga kwa nati.

"Umeme ukifika Kidzumbani, nitawasha taa kwangu kama kila mtu, na nitapiga vigelegele," anasema, akiwa na spana mkononi. "Miaka yetu miwili ikiisha, nitafungua nati, nipakie paneli zangu, niende kijiji ambacho hakimo kwenye orodha ya mtu yeyote. Vipo vingi. Nimeanza kuuliza majina yake."