Uwiano wa Uji

Leo nimefundisha uwiano, na darasa la sita wameula.

Niliwapeleka jikoni hapa shuleni Kakuma, tukapika uji wa saa nne. Unga kipimo kimoja, maji vipimo vinne. Nikapima mwenyewe kwa madaha: unga kwa kopo kubwa, maji kwa kikombe changu cha chai.

Nyandeng, msichana ambaye huwa hasemi kitu, akainua mkono.

"Mwalimu, kopo na kikombe si sawa."

"Uwiano ni namba tu. Nyamaza!"

Mpishi wetu, Mama Ekai, akakoroga mpaka mwiko ukasimama wenyewe.

"Ejok, mwalimu," akanipongeza kwa Kiturkana. "Leo uji tunamega."

Watoto wakanawa mikono.

Nimemwomba Nyandeng msamaha mbele ya wote. Ameuliza kama kesho atafundisha yeye.

Nimjibuje, jamani?