Bidon yenye Kovu ya Bleu

Bantu banasema Mama Laurentine iko mupole. Uongo mutupu! Balikuwa wapi ile siku ya robinet?

Mama Laurentine ni mujane, anauzishaka samaki ya kukauka ya Pweto, nyumba yake iko karibu na yetu. Hapa ku avenue robinet, bomba ya mayi, iko moya tu. Mayi inakuyaka alfajiri, jua ikipanda inakatika. Njo maana tunapanga bidon, madumu yetu ya mayi, ku mulongo tangu magaribi, kisha tunaenda kulala. Bidon njo muntu. Bibi Abigaël, miguu yake inakatala kusimama, yee anawekaka jiwe, na ile jiwe ikifika mbele, tunamushotea mayi yake.

Njo akafika Guelord na bapousseur yake, bale ba kusukuma chariot, mukokoteni ya kuuzisha mayi. Bakapiga bidon yetu mateke, bakaweka yabo mbele. Mayi ikikatika, unaenda kununua ile ile mayi kwake, bei anayotaka yee. Tulilia kwa chef wa avenue. Chef akasema, "On verra, tutaona." Mpaka leo anaangalia.

Mama Laurentine hakwenda kwa chef. Kila alfajiri alirudisha bidon moya moya pa fasi yake: hii ya kamba ya kijani, hii isiyo na kifuniko, hii jiwe. Bale banaangusha, yee anarudisha.

"We mama, hii robinet ni ya baba yako?" Guelord akamuuliza.

"Hapana. Na baba yako naye sikumuona akiichimba."

Guelord akatoa kisu, akatoboa bidon ya Mama Laurentine chini kabisa.

"Sasa utashota na kikapu!"

Bapousseur bakacheka. Mama Laurentine akabeba bidon yake, akaenda. Shiye tukasema basi, imeisha, tutakunywa bei ya Guelord mpaka kufa.

Kesho yake, bidon ile ile iko ku mulongo! Alikuwa ameyeyusha kipande cha beseni ya bleu na kisu ya moto, akaziba tundu. Kovu kama ya operation. Guelord akaipiga teke. Mama akaiinua. Teke tena. Akaiinua tena. Cathy, jirani yangu mwenye mimba kubwa, muntu wa haya ule, akainama polepole, akainua ya kwake. Mimi nikainua yangu na hasira. Kisha mulongo muzima. Kila bidon iliyoanguka ilisimama. Na wakati bale banapiga mateke, mayi ilikuwa inatoka, Mama Laurentine iko ku robinet, anamushotea Bibi Abigaël.

Osée, pousseur wa Guelord mwenyewe, akavuta chariot yake mpaka nyuma ya mulongo.

"Osée, hata we?"

"Patron, jua inapanda, na shiye tunapigana na plastiki!"

Leo Guelord anapangaka kama bantu bote, anauzisha mayi ya zamu yake. Juzi upepo iliangusha bidon yake. Mama Laurentine akaiinua, akairudisha pa fasi yake, haiko mbele, haiko nyuma.

"Asante, mama," Guelord akasema.

"Haiko kwa ajili yako. Ni kwa ajili ya mulongo."

Mupole? Haya, enda ukaguse ile bidon yake ya kovu.