Bima ya Macho

Lorna na Wendell walitengana zamani, ila talaka hawakuchukua. Wendell ana kisukari, na bila bima ya kiwanda cha vioo anakofanya kazi Lorna, insulini ingemfilisi. Nchi gani hii, mtu hawezi kumwacha mkewe mpaka apate mwingine mwenye bima!

Basi kila Novemba, wafanyakazi wanapochagua upya bima zao, Wendell alikuwa akija jikoni kwa Lorna na pai ya boga ya dukani, wakikaa mbele ya kompyuta kugombana.

"Chukua ile ghali, bibie. Inalipia na macho."

"Macho ya nini, na mimi mwenyewe ulikuwa hunioni?" Lorna alimjibu, kisha akachukua ile ile ghali, kwa sababu ya miwani ya Wendell.

Mwaka huu alileta pai ya tufaha, bado ya moto.

"Safari hii niondoe," alisema. "Tuachane kabisa. Namwoa Dotty. Ni nesi, na bima yao inanitosha."

"Afadhali! Umenitua mzigo," Lorna alisema kwa sauti kubwa mno. "Na hii pai kapika yeye?"

"Ndiyo."

"Sukari imezidi. Atakuua huyo."

Alikuwa hajaionja.

Wendell alipoondoka, Lorna alilifuta jina la Wendell kwenye bima. Yeye mwenyewe anaona vizuri, hajawahi kuvaa miwani. Lakini alipofika kwenye ile bima ghali ya macho, aliiacha palepale ilipokuwa.