Kinu Kisichojua Karanga

Mwanangu, ipo jioni moja ambayo bado naikumbuka hadi harufu yake. Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni, nasi tulikuwa tumerudi kwetu Gisenyi, Rwanda, kutoka Tanzania. Nilikuwa na watoto wanne: watatu niliowazaa, na Devota, binti wa marehemu dada yangu, mwenye miaka sita. Dada aliniachia mtoto huyo mkono kwa mkono, siku chache kabla hajafariki.

Kila asubuhi nilivuka mpaka kwenda kuuza Goma, upande wa Kongo, na nyanya kichwani, na jioni nilirudi mbio kabla mpaka haujafungwa. Nikifika, watoto wana njaa na makaa hayajawashwa. Ninyi leo mnatoka ofisini, lakini uchovu ni ule ule.

Devota alikuwa na mzio wa karanga. Midomo ilimvimba mara mbili, na muuguzi akanieleza waziwazi kwamba asile hata kidogo. Niliitikia, lakini nikuambie ukweli, moyoni nilimwamini nusu tu. Nusu nyingine ilisema mtoto ana maringo, maana hata maharage hakuyapenda.

Jioni hiyo nilipika kisamvu, ambacho majirani zetu wanakiita sombe. Kwetu hupikwa na unga wa karanga. Niliuacha, nikajisifu kwa kuuacha. Devota alionja, akasukuma sahani.

"Mama mdogo, koo linawasha."

"Kula, acha maringo. Hakuna karanga humo."

Akala. Alikula kwa utii, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Punde midomo ikavimba, macho yakajifumba, pumzi ikaanza kupiga mluzi. Nilipiga kelele. Akaja jirani yetu, Mama Zawadi, aliyekuwa akiuza unga wa karanga soko la Mahoko na ndiyo kwanza alikuwa amerudi. Alimwona mtoto akasimama mlangoni, hakumgusa. Nikamwona hana huruma. Kumbe alikuwa anavua kitenge chake chenye unga. Akanawa mikono kwa sabuni hadi viwiko, ndipo akambeba Devota na kukimbia naye barabarani, akasimamisha gari lililobeba viazi. Kituo cha afya walimchoma sindano. Tulikaa kwenye benchi tukihesabu pumzi zake mpaka mluzi ulipoisha.

Hapo ndipo Mama Zawadi aliponiuliza, kwa Kiswahili chake cha Goma kilichochanganyika na Kifaransa:

"Mama Eriki, sombe ulitwanga mu kinu gani?"

"Kinu changu."

"Na karanga unatwangaka mu gani?"

Nikajishika kichwa: kilikuwa hicho hicho.

"Yewe! Kinu iko moja nyumba muzima? Donc we uliacha karanga, lakini yenyewe haikukuacha."

Alicheka kidogo, mimi nikalia.

"Bon, usilie. Mutoto iko anapumua. Kesho nitakuonyesha."

Kesho yake hakwenda sokoni. Aliniletea kinu kipya, cha kutwangia majani tu, kisichojua karanga. Akanionyesha jinsi yeye anavyolisha watoto sita bila kuchelewa. Maharage huchemka alfajiri wakati anawaandaa watoto, yakapumzika kwenye sufuria yenye mfuniko. Jioni anakata viazi vidogo vidogo viive upesi, anakaanga kitunguu na nyanya kwa mawese, anamwaga maharage, na dodo, yaani mchicha, zilizokatwa zinaingia mwisho. Siku nyingine ni ugali na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, baada ya kuhakikisha hawamdhuru mtoto. Chakula kinaiva kabla hujamaliza kuwaogesha watoto wawili.

Nilimwambia nitanunua sufuria ndogo nimpikie Devota peke yake. Alikataa.

"Sufuria ya peke yake itamufundisha kama yeye ni mugonjwa. Nyinyi wote mukule ya Devota."

Na yeye mwenyewe, muuza karanga, aliacha kuipika nyumbani kwake, kwa sababu watoto wetu walikula popote njaa ilipowakuta. Wanawake wa mtaa walimtania, "We mwenye karanga, unakulaka sombe kavu!" Akawajibu, "Karanga ninauzisha. Devota siuzishe."

Nimewajua watu wengi waliosoma kuliko sisi wawili. Sijamwona aliyempita mama huyo kwa akili ya kupenda mtoto wa mwenzake.

Tulimzika juzi. Nimelia kimya kimya, ndivyo nilivyo. Devota alikuja na wanawe wawili, akashika udongo wa kaburi, akasema, "Huyu alinibeba."

Basi, mwanangu, sikiliza. Mtoto akikwambia chakula kinamwasha, mwamini kwanza, ubishane baadaye. Kuacha kitu kwenye sufuria hakutoshi. Angalia kinu, mwiko, kisu na mikono yako. Usitafute mapishi ya ajabu ukiwa umechoka. Tafuta chakula kimoja rahisi ambacho wote mnaweza kukila, mkile pamoja. Na waambie majirani bila aibu, huenda miongoni mwao yumo mmoja kama wangu.

Mungu akupe nguvu za jioni, zile zinazobaki baada ya kazi. Na watoto wote watakaoketi kula kwako, wa kuzaa na wa kuachiwa, wainuke wakiwa wazima.