Usingizi wa Mchana

Mama mkwe wangu alikuja Dodoma kutibiwa macho, na Kondoa nzima ikamfuata. Sisemi kwa ubaya. Watu wa kule wana adabu zao: mgonjwa anajuliwa hali, na anayekuja kumjulia hali hapigi simu kwanza. Anafika, anabisha hodi, anakaribishwa. Nyumba yetu ya Makole haijawahi kupata wageni kama mwaka ule. Walikuja wajomba, mashangazi, majirani wa zamani, na watu ambao hata mama mwenyewe ilibidi awaulize ni wa ukoo gani. Kila mmoja akishaketi na kumaliza habari za macho, aliuliza swali lile lile: kijana yuko wapi?

Kijana ni mume wangu. Alikuwa chumbani amelala, kwa sababu usiku kucha alisimamia mashine za kukamua alizeti kiwandani. Msimu ule walimweka zamu ya usiku moja kwa moja. Basi mama, ambaye hakumzaa mwanawe aje kumwaibisha mbele ya watu wazima, alinigeukia mimi niliyeketi barazani na cherehani yangu, akanitazama tu. Nilijua maana yake. Nilikwenda kumwamsha.

Alitoka, akatoa shikamoo, akakaa. Kwao mtu hasalimii akageuza mgongo. Sharti aulizwe habari za kazi, za mvua, za ng'ombe asiokuwa nao, mpaka chai iishe. Aliporudi kitandani jua lilikuwa limepanda, bati limeanza kulia kwa joto, na usingizi umekwenda zake. Ukija tena, unakuja na hodi nyingine.

Nilimwambia mama kwa upole kwamba mwanawe hapumziki. Akacheka. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alinijibu. Kisha akaongeza kwamba mwanamume anayelala saa nne asubuhi, watu watasema ni mgonjwa, au ana mke mvivu. Nikarudi kushona.

Niseme wazi, niliogopa. Asubuhi akitoka kazini, kabla hajagusa kitanda, ni yeye aliyempeleka binti yetu shule kwa pikipiki, maana saa hiyo mimi nilikuwa namtilia mama dawa ya macho. Binti ndiyo kwanza alikuwa ameanza darasa la kwanza. Shule yenyewe iko ng'ambo ya barabara ya Dar es Salaam, wanapopita madereva wa malori ya mahindi kutoka Kibaigwa, nao pia wengine hawajalala. Kila siku niliwaangalia wakiondoka, mtoto amemkumbatia baba yake kiunoni, nikabaki roho juu mpaka nisikie pikipiki ikirudi.

Mume wangu alikuwa anageuka mtu mwingine. Alitia chumvi kwenye chai akainywa yote bila kukunja uso. Aliutafuta ufunguo wa pikipiki nyumba nzima, naye anao mkononi. Yeye ni mpole kwa asili, lakini siku moja alimfokea binti kwa sababu ya kijiko kilichoanguka, halafu akakaa kukitazama kile kijiko kama anajaribu kukumbuka kinaitwaje. Nikimsemesha, ananijibu jambo la jana.

Nilimuuliza tabibu mmoja wa zahanati niliyekuwa namshonea sare. Aliniambia mwili una saa yake, na saa hiyo inafuata jua, haijui habari za zamu. Mtu anayelala mchana anashindana nayo, na akiamshwaamshwa hawezi kushinda. Kisha akasema kitu kilichonikosesha usingizi na mimi. Ubongo uliochoka hauombi ruhusa. Unajizima kidogo kidogo, macho yakiwa wazi, na mwenyewe hajui kwamba hakuwepo. Nikauliza, hata akiwa anaendesha? Akasema hapo ndipo pabaya zaidi, hasa kwenye njia aliyoizoea, kwa sababu mikono inaijua njia na kichwa hakina kazi ya kukiamsha.

Nilimweleza mume wangu yote. Akasema yuko sawa kabisa. Alisema hivyo akiwa amepishanisha vifungo vya shati.

Halafu nikaziona zile alama. Alikuwa amevua shati, nikaona juu ya kiuno, mbavu zote mbili, mikwaruzo midogo ya kucha. Mingine ilikuwa mibichi, mingine imeanza kupona. Nilipomuuliza alijitazama kama anatazama mwili wa mtu mwingine, akasema hajui. Mtu mzima akwaruzwe na asijue! Nikajua kiwandani kuna mwanamke. Nilikuwa nasubiri nimshike, lakini wivu uliniharibia kazi. Gauni la watu nililishona mkono mmoja ndani nje.

Jumapili jioni nilimwogesha binti na kumkata kucha. Jumatatu mwalimu wa zamu hukagua kucha mstarini, na sikutaka mwanangu achapwe. Nilizikata fupi kabisa.

Asubuhi baba yake alimpakia wakaondoka. Alirudi mapema kuliko kawaida. Sebuleni walikuwepo wazee watatu wa Kondoa, akakaa kuwasalimia. Walikuwa wamefika kwenye habari za mvua simu yangu ilipolia. Ni mwalimu wa darasa, anauliza kama mtoto anaumwa, maana hajafika.

"Nimempeleka," mume wangu alisema kwa utulivu. "Nimemwona akiingia kwenye geti la kijani."

Shule ya binti yetu haina geti la kijani. Geti la kijani ni la chekechea aliyosoma mwaka uliotangulia, mitaa michache kutoka kwetu. Chekechea ile ilikuwa imeshahama.

Nilikimbia bila viatu. Nilimkuta amekaa juu ya jiwe kwenye vumbi, begi mapajani, nyuma yake geti limefungwa kwa mnyororo wenye kutu. Hakuwa analia. Nilimbeba, ingawa si wa kubebwa tena, nikarudi naye nyumbani.

Wazee walikuwa wameshaaga. Mama alikaa kwenye mkeka na jicho lake lililofungwa bendeji, mume wangu amesimama mlangoni. Nilimuuliza binti kwa nini hakumwambia baba yake kwamba wamekosea.

"Nilimwambia siyo hapa," alisema. "Akanitazama, akasema soma vizuri, akaondoka."

Baba yake alitikisa kichwa. Hakumbuki neno hata moja. Nami nilimshika mtoto mabega nikamwambia kuanzia leo hapandi tena pikipiki ile. Alifikiri nimemkasirikia yeye.

"Mama, mimi huwa namfinya," alisema. "Akianza kulala namfinya hapa na hapa, anaamka. Kwenye barabara ya malori namfinya kwa nguvu sana. Leo nimemfinya, hasikii. Jana ulinikata kucha."

Mume wangu alishika mbavu zake kwa mikono miwili na kuteremka taratibu mpaka sakafuni. Nje mtu alibisha hodi, akabisha tena. Mama alinyoosha mkono akamzuia mwanawe begani asiinuke, na hakuna aliyesema karibu.